Lala Kwanza Kwenye Kitanda Chake

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikifumba macho mchana. Huja na ukungu wake, na harufu ya kuni mbichi, na sauti ya mama yangu akiniambia nipande kitandani nijifanye mzee aliyepooza. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimeshaanza kutazamwa na watu, na nilidhani mama amechanganyikiwa. Siku hizi nikijilaza na mvua inapiga bati, sijui tena kama nakumbuka au naota. Sijali sana ni lipi, maana yote mawili yananipendeza.

Imenirudia zaidi tangu ulipokuja Jumapili kuniuliza habari za hao watu wanaohudumia wagonjwa majumbani, uwachague wepi kwa ajili ya baba yako aliyepooza upande mmoja. Ulinionyesha picha zao kwenye simu: sare nyeupe, mashuka meupe, meno meupe. Nikakwambia wamependeza. Wewe ulitaka jibu la harakaharaka, na jibu langu mimi liko mbali, kule juu ya milima ambayo sasa hivi imejifunika mawingu. Basi kaa, mwanangu nisiyekuzaa. Chai ipo, na baba yako leo yuko na dada yako.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla ya ile fujo ya matuta, watu walipokataa kulazimishwa na serikali kuchimba matuta mashambani, ambayo bila shaka umeisikia. Tulikaa kwenye miteremko juu ya Mkuyuni, watu wa maharage na kabichi, na migomba nyuma ya kila nyumba. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mpaka ndani. Ungeweza kumsikia jirani yako akikohoa usimwone, na mtu akipita njiani ilikuwa sauti yake tu inapita, inasalimia, inapotea. Nimekaa mjini miaka mingi sasa, na bado nikiamka nautafuta ule ukungu.

Babu Gaspari alikuwa kaka yake bibi yangu mzaa mama. Alisuka matenga ya kubebea mboga, na mikono yake haikutulia hata akiwa anaongea. Nikueleze kidogo mambo ya kwetu, maana nyinyi wa mjini mmeanza kusahau. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, lukolo ndivyo tunavyouita. Mwanamume akioa, alikwenda kujenga kwa wakwe, akazaa watoto ambao ni wa ukoo wa mkewe, na yeye akabaki mtu wa kwao mpaka kufa. Mkewe akitangulia, watu wake walikuja kumchukua mtu wao. Hakuna aliyeona ajabu.

Babu alikuwa amejenga kwa wakwe, ng'ambo ya kijito, kwenye mgongo wa pili wa mlima. Mkewe akafariki. Haukupita muda mrefu yeye mwenyewe akaanguka shambani, upande wote wa kulia ukafa, mkono na mguu, na sauti ikapungua ikawa ndogo. Aliyebaki naye ni binti yake, Paulina. Kaka zake Paulina walikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko bondeni, wakionekana Krismasi kama wakionekana. Paulina hakuwa na mume. Watu walisema ana ulimi mkali, na kweli alikuwa nao.

Sasa mkubwa wa ukoo wetu alikuwa mjomba Klemensi, kaka wa mama yangu. Alikuwa na koti jeusi la kwendea kanisani na kwenye mashauri, na akilivaa hata sauti yake ilibadilika. Alituita akasema mambo yanayoendelea ni aibu. Mtu wetu analelewa na watu wa ukoo mwingine, kwenye kibanda cha nyasi, juu ya kitanda cha kamba! Na mjini tunaye ndugu yetu Mwanaidi, mtoto wa mama mdogo wa mjomba na mama yangu, ameolewa na mtu wa reli, ana nyumba ya bati na sakafu ya saruji. Mwanaidi ameshaleta salamu kwamba chumba kiko tayari. Kwa hiyo Babu abebwe kwa machela mpaka Mkuyuni, apandishwe lori, ateremke Morogoro akapumzike.

Wote wakaitikia. Mama yangu, Theresia, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hata kichwa hakuinua.

"Kaka," akasema, "kuna aliyekwenda kukitazama hicho chumba?"

"Mimi nimekiona. Kina dirisha la kioo."

"Umelala humo?"

Watu wakacheka. Mjomba akavuta koti lake. "Theresia, hatununui mbuzi hapa."

"Ningekuwa nanunua mbuzi ningemfungua mdomo nikahesabu meno. Huyu ni mjomba wangu, kanibeba mgongoni. Nipeni nafasi niende nikaone, halafu mfanye mnavyotaka."

Wakampa nafasi, nusu kwa heshima, nusu kwa kumchoka. Pale sokoni Mkuyuni mama alijulikana. Hakuwahi kununua kitu kwa kukitazama juu; alipindua tenga zima la viazi chini akaanza na vile vya chini kabisa, mwenye viazi akilalamika. Mimi niliona haya kusimama karibu naye. Siku hizi mabinti zangu wanaona haya kusimama karibu yangu, kwa hiyo tumelipana.

Tukateremka na lori la mboga, tumekaa juu ya kabichi, mvua imetulowesha. Mji wa Morogoro kwangu wakati ule ulikuwa kama kitu nilichosimuliwa. Barabara za mchanga mwekundu, miembe, baiskeli, filimbi ya treni inayotoka upande usiouona. Mama mdogo Mwanaidi alitupokea kwa kilio cha furaha. Alikuwa mnene, mwenye vicheko, anayekumbatia mpaka pumzi inakata, na ninataka ujue tangu sasa kwamba alikuwa na moyo mzuri. Katika hadithi hii sina mtu mbaya wa kukupa.

Chumba kilinitoa pumzi. Kitanda cha chuma kirefu, godoro la sufi, chandarua kilichofungwa fundo juu, sakafu inayong'aa ukaweza kuona kivuli chako. Nikajiambia, laiti ningekuwa mimi ndiye nimepooza. Mama alishukuru, akasifu, akanywa chai. Halafu akavua viatu akaanza kutembea polepole, akiburuza kisigino pale sakafu ilipokuwa imetoka kupigwa deki. Akapima kwa paja lake urefu wa kitanda. Akauliza choo kiko wapi. Kikawa mwisho wa ua, unashuka ngazi za mawe ndipo ukifikie.

"Mchana anabaki nani hapa?" akauliza.

"Mimi asubuhi nipo sokoni na vitumbua vyangu. Ila yupo binti wa kazi," Mwanaidi akasema. "Labda anapokwenda bombani kuchota maji. Harudi upesi, foleni inakuwa ndefu."

Mama akanigeukia. "Agnesi, panda kitandani."

Nikapanda kwa furaha yote. Akanilaza chali, akanivutia shuka.

"Mkono wako wa kulia huna. Mguu wa kulia huna. Ukiutikisa nitauona. Sauti yako ni ile ya babu yako, unaijua. Una kiu. Kunywa maji."

Mtungi ulikuwa ukumbini. Nikamwambia siwezi kuufikia.

"Basi ita," akasema, akatoka na Mwanaidi, wakaenda jikoni, uani.

Mwanangu, sehemu hii ndiyo hunijia nikisinzia. Nimelala. Juu yangu bati linalia tik, tik, kwa jua lililotoka baada ya mvua. Dirisha liko juu sana; naona kipande cha mbingu tu, wingu linaingia upande mmoja linatoka upande mwingine, na mlima wetu hauonekani kabisa. Niliita, "Mama," kwa sauti ndogo ya Babu. Kimya. Nikaita tena. Nasikia vicheko vyao uani, nasikia mwiko unagonga sufuria, nasikia hata treni, lakini wao hawanisikii mimi. Godoro lilikuwa laini, likinimeza taratibu. Nikaanza kuona kwamba nimelala hapo miaka, kwamba mkono wangu wa kulia kweli haupo, kwamba watu wa kwetu wamenileta hapa kwa upendo na kuniacha. Kiu nikaihisi kooni, kiu kabisa, na dakika chache nyuma nilikuwa nimekunywa chai vikombe viwili! Nilipoita mara nyingine machozi yalikuwa yanaingia masikioni.

Mlango ulipofunguka, mama akauliza, "Uliita?"

"Niliita."

"Hatukusikia," akasema. Mwanaidi alikuwa amesimama nyuma yake, mkono kwenye mdomo. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, akanifuta uso kwa upande wa khanga yake.

"Dada Theresia," akasema, "mimi kwa kweli nilidhani godoro linatosha."

"Godoro ni zuri sana, mdogo wangu," mama akamwambia, na alisema kwa upole, bila dharau hata kidogo. Tulilala hapo, tukala wali kwa samaki, na asubuhi tukapanda lori kurudi.

Nilidhani safari imekwisha na jibu limepatikana: Babu abaki alipo. Nikamwambia mama hivyo. Akanitazama kama nimekula kiazi kibichi. "Umelala kitanda kimoja," akasema. "Bado cha pili."

Tukapita Mkuyuni hatukusimama kwa mtu. Kwetu ukienda kumtembelea mtu unatanguliza salamu siku moja kabla, ili wenyeji wafagie na wapike. Ni adabu, na mimi mwenyewe naipenda. Siku ile mama hakutanguliza salamu kwa yeyote. Alipita njia ya nyuma, katikati ya migomba, majani yakitumwagia maji shingoni, na tulipofika ukutani kwa Paulina akanishika bega tusimame. Ukungu ulikuwa umeshuka. Nyumba ilikuwa kivuli tu mbele yetu, na ndani yake sauti mbili zinagombana.

"Meza, mzee! Usinifanyie utoto."

"Uji wako wa moto."

"Ulikuwa wa moto. Umekaa unaongea mpaka umepoa."

"Basi sasa wa baridi."

"Mungu wangu, huyu mtu nimemkosea nini!"

Halafu nikasikia kicheko, kile kidogo cha Babu, kama mtu anayekohoa. Nilimtazama mama kwa hofu, maana kumjibu mzee namna ile kwetu hakukuwa jambo dogo. Mama alikuwa anatabasamu peke yake kwenye ukungu.

"Umemsikia anavyomjibu?" akaninong'oneza. "Mtu anayemwogopa mlezi wake angemeza kimya."

Tukabisha hodi. Paulina alipotuona alishtuka. Alikuwa mwembamba, kamba ya khanga imekazwa kiunoni kama mtu anayetaka kubeba mzigo. Tulimwamkia Babu, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, marahaba," akatusalimia kwa mkono wa kushoto huku akiuombea radhi. Mama akasema jua likijitokeza tumtoe nje kidogo, apate joto. Tulimbeba sote watatu mpaka kwenye mkeka nyuma ya nyumba, na pale ndipo nilipojua mwili wa mtu aliyepooza una uzito gani. Sisi watatu tulihema. Nikamtazama Paulina, nikajiuliza kila siku anafanyaje peke yake.

"Agnesi," mama akasema, "kalale."

Babu akacheka. "Mwacheni mtoto, kitanda changu kina shimo langu."

Kilikuwa nalo, na nikaingia humo. Kamba zilichoma kidogo kupitia mkeka na blanketi. Lakini kichwa kilielekea mlangoni, na mlango ulikuwa wazi, na kupitia mlango niliuona mteremko wote, ukungu ukipanda vipandevipande, shamba la maharage likitokea, njia ikitokea, mwanamke na mzigo wake akipita akasema, "Mzee Gaspari, umeamkaje?" kwa mazoea, bila kujua kwamba aliyelala ni mimi. Kibuyu cha maji kilining'inia upande wa kushoto, upande wa mkono wake mzima. Niliita kwa sauti ndogo, na Paulina akajibu kutoka nyuma ya nyumba kabla sijamaliza jina lake. Nilitamani kusinzia. Nadhani nilisinzia kidogo, na ndotoni nilikuwa Babu, nasuka tenga kwa mikono miwili.

Mama alinigutusha kwa kugusa mguu. Alikuwa ameshika pindo la blanketi mkononi. Lilikuwa limeungua. Mafiga yalikuwa ndani, hatua chache kutoka miguuni pa kitanda, na kizingiti cha mlango kilikuwa kirefu kiasi kwamba hata mimi nilijikwaa nikitoka. Na mama alikuwa anavuta hewa kwa pua, taratibu, kama afanyavyo akifungua chungu cha mboga ya jana. Alitoka nje, akapiga magoti kando ya Babu, akamwomba ruhusa, akaifunua nyonga yake ya kulia.

Kulikuwa na kidonda. Hakikuwa kikubwa, kama jani la mchicha mchanga, lakini katikati kilikuwa kimeshaanza kuwa cheusi.

Paulina alijibwaga pale pale kwenye tope. Hakulia kwa sauti. Alisema, "Mtamchukua."

"Ulijua?" mama akamuuliza.

"Nilijua. Siwezi kumgeuza vizuri, dada. Namgeuza mchana, usiku nashindwa, mgongo umekataa. Nikaficha. Nilisema wakija watu wa kwao wakakiona watasema nimeshindwa kumlea, watamchukua, na mimi nitabaki humu na mafiga."

Mama hakumkemea. Akamuuliza swali ambalo nilikuwa sijawahi kumsikia mtu yeyote akimuuliza mtu anayeuguza. "Na wewe, nani anakusaidia?"

"Nani tena? Mimi na Mungu."

"Umelala lini usingizi wa kutosha?"

Paulina akaanza kuhesabu siku kwa vidole, na hapo ndipo alipolia. Babu alinyoosha ule mkono wa kushoto akamshika nywele, akawa anazivuta kidogo kidogo, kama unavyomchezea mtoto. Mimi nilimpenda Paulina kuanzia dakika ile, na nilimwonea huruma.

Ndipo mama akamgeukia mgonjwa mwenyewe. "Mjomba, wewe unataka nini?"

Babu Gaspari aliziachia nywele za Paulina. Ukungu ulifika ukatufunika sote tukawa hatuonani vizuri, na sauti yake ikatoka humo. "Tangu nimeanguka," akasema, "watu wamekuja wengi. Wameulizana nikae wapi, nilalie nini, nizikwe wapi. Mimi nipo hapa hapa, nasikia. Mdomo haukupooza. Hakuna aliyeniuliza." Akapumua. "Nataka asubuhi nimsikie Paulina ananigombeza. Na nataka nisioze nikiwa hai. Yote mawili."

Maneno hayo mama aliyabeba kama yalivyo mpaka kwenye baraza la ukoo. Mjomba Klemensi alikasirika, na nilimwelewa. Alikuwa ameshika heshima ya watu wote mikononi. Akasema kidonda chenyewe ni ushahidi. Akasema watu wa ukoo mwingine wasituletee aibu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, umesema sana habari za watu wa ukoo wetu," akasema. "Sasa nitajie nani katika ukoo wetu ameshamgeuza mjomba kitandani. Mimi nimemgeuza mara moja, juzi. Wewe?"

Mjomba Klemensi akasimama. Nilidhani anaondoka kwa hasira, na alikuwa na hasira kweli, lakini alivuka kijito akapanda mpaka kwa Paulina, nasi nyuma yake. Aliingia, akamwamkia mjomba wake, akavua lile koti jeusi akalitundika kwenye mti wa ukuta. Mama akamwonyesha ashike wapi, bega na nyonga kwa pamoja, avute kwa polepole ngozi isiburuzwe. Jasho lilimtoka. Alipomaliza alibaki ameinama juu ya kitanda, anamtazama yule mzee, na sikusikia tena habari ya aibu kutoka kinywani mwake.

Tangu hapo Babu alikaa kwa Paulina, na ukoo wetu ukawa ndio unaokwenda kwake. Lilikuwa jambo geni, watu walisema kwenye njia zote. Vijana wa kwetu walikwenda kwa zamu kulala pale ili Paulina alale. Walihamisha mafiga nje wakaezeka kijibanda, wakakata kizingiti, wakafunga miti ya kushikia kutoka kitandani mpaka mlangoni. Mwanaidi alileta lile godoro la sufi juu ya lori, akalia njia nzima, akatucheka jinsi tunavyoteleza kwenye tope. Masista wa misheni walitupa dawa ya kidonda. Na mama aliendelea kupita njia ya nyuma bila salamu, leo asubuhi, siku nyingine jioni, na Paulina akazoea, akawa anapiga kelele kutoka ndani, "Ingia tu, dada Theresia, nimekunusa!"

Babu aliishi masika mengine kadhaa. Alijifunza kusuka vikapu vidogo vya hovyo kwa mkono mmoja na meno. Siku alipofariki ilikuwa asubuhi, Paulina akimgombeza habari ya uji, na katikati ya ugomvi hakujibu.

Kwetu maiti hurudi kwa watu wake. Wao ndio huosha na kuzika. Wanaume wa ukoo wetu waliingia kumwosha, mjomba Klemensi akiwa mkubwa wao. Sisi tulikaa nje kwenye umande. Paulina alikaa mbali kidogo na watu, kwenye ukingo wa uwanja, kama mgeni, maana kwa desturi marehemu hakuwa mtu wake tena. Mlango ukafunguliwa. Mjomba akatoka na shati lililolowa, mikono ikidondosha maji. Akawapita wazee, akampita mama, akaenda mpaka kwa Paulina, akapiga magoti mbele yake pale kwenye majani. Mtu mzima, mkubwa wa ukoo!

"Nimemtazama mwili mzima," akasema, na sauti ilikuwa inamkatika. "Mgongo, nyonga, visigino. Hana jeraha. Paulina, tulikupa mtu nusu, umeturudishia mzima."

Sijawahi kusikia kilio kama cha Paulina asubuhi ile. Watu wa ukoo wetu wakasogea wakamzunguka, akawa katikati ya wafiwa, na alibaki katikati mpaka mazishi yakaisha.

Basi, mwanangu, hao watu wenye sare. Waulize vyeti vyao, kwa nini usiulize, na uwatafute wengine waliowahi kuhudumiwa nao, uongee na hao bila wenye sare kuwepo. Lakini ukishamaliza karatasi, panda kwenye kitanda cha baba yako. Lala kama yeye alivyolala, upande wake uliokufa nawe usiutikise, uone maji yako wapi, taa iko wapi, uite kwa sauti yake usikie nani anakuja na baada ya muda gani. Sakafu ya bafuni ikanyage ikiwa na maji. Nenda bila taarifa, saa ya kula, saa ya kuoga, siku ambayo hukutegemewa. Mfunue baba yako mgongo na visigino, usione haya, na uvute hewa kwa pua zako. Msikilize anavyoongea nao wakidhani hupo. Akiwajibu kwa utani, shukuru; akiwatazama kwanza kabla hajakujibu wewe, kaa macho, mwanangu, kaa macho sana.

Na yule anayemhudumia, muulize analala saa ngapi na nani anampokea. Ukimkuta na kosa usimrukie kama mbwa, maana ukimtisha atakuficha vidonda. Mpe nafasi ya kusema. Akisema ukweli mapema, msaidie. Akiendelea kukudanganya, mwondoe siku hiyo hiyo. Wala usifikiri ukishampata mtu mzuri wewe umemaliza. Jifunze kumgeuza baba yako kwa mikono yako mwenyewe.

Juu ya yote hayo, leo ukitoka hapa, kaa karibu na baba yako umuulize anataka nini. Nakujua, mwanangu, una mapenzi na una haraka. Hujamuuliza bado.

Nenda sasa, mvua inakusanyika kule juu. Mungu akupe mikono isiyochoka na usingizi wa kutosha. Akujalie baba yako asioze akiwa hai, na asikose mtu wa kumgombeza asubuhi. Nawe siku yako ikifika, ya kulala na kuita kwa sauti ndogo, awepo mtu wa kukuitikia kabla hujamaliza jina lake. Amina.